Fundi Aliyetujengea Bakuli

Fundi hakuegemea ukuta. Katika miaka yote niliyomjua sikumwona hata mara moja ameupa ukuta mgongo. Ukimkaribisha kiti barazani, alikibeba mwenyewe hadi katikati ya uwanja, akakaa huko juani akifuta jasho, huku wengine tumejibanza kivulini. Tulidhani ni kiburi. Shabani alisema mzee anaogopa mijusi, tukacheka, kwa sababu hatukujua.

Alikuwa mrefu, mkavu, mabega yamepinda mbele kama ya mtu anayebeba ndoo mbili. Alikuwa na shati la kaki la kazini na shati jeupe la mazishini, na zipo siku aliyachanganya. Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa wote wa Ngamiani ulimwita Fundi, na aliyetaka kumtofautisha na mafundi wengine aliongeza: wa makaburi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka mingi. Alijengea Wakatoliki na Walutheri, na Mwislamu aliyetaka kingo za matofali kuzunguka kaburi la mzazi wake alimjengea pia. Nyumba hakujenga. Matangi hakujenga, ingawa watu wazima wa mjini walikumbuka kwamba zamani hakukuwa na wa kumshinda kwa matangi ya duara. Ukimuuliza kwa nini aliacha, alikuwa na jibu moja.

"Kaburi haliui mtu."

Sisi tulimfuata kwa sababu ya hilo duara. Nyuma ya nyumba aliyoiacha baba yake Shabani, kule Mabawa, kulikuwa na shimo tulilolichimba wenyewe zaidi ya miaka kumi nyuma, mimi, Shabani na Tumaini, tulipokuwa vijana tusio na kazi. Shabani alikuwa amepata mbao tatu za magurudumu ndani ya robota la mitumba. Mtaani waliziita sketi, na mama yangu aliposikia kwamba binti yake anashinda kwa kina Shabani akicheza na sketi, alinifungia ndani siku mbili. Tulitaka bakuli: shimo la mviringo lenye kuta zinazopanda taratibu kutoka chini mpaka mdomoni, ili ukiteremka na ubao upande huu ukupandishe upande ule, kisha ukurudishe, kama maji yanayotikiswa kwenye beseni. Tulilipiga lipu kwa ujinga wetu. Likadumu misimu miwili. Masika ya pili yalipasua ukuta, mizizi ya mwarobaini ikaingia kwenye nyufa. Nikafungua duka la vipuri vya pikipiki, Shabani akaanza kuchomelea mageti, Tumaini akapata lori la mchanga la kuendesha. Bakuli likawa jalala la vifuu vya nazi.

Kisha Shabani akafiwa na mkewe. Baada ya arobaini alianza kuingia shimoni kila jioni na kutoa vifuu, peke yake, bila kusema anataka nini. Siku ya nne mimi na Tumaini tulichukua koleo tukaingia naye. Shimo lilipokuwa tupu tuliona jinsi lilivyoharibika, na Shabani akasema, "Yule mzee aliyejenga kaburi la mke wangu. Mmeona alivyoikata kona? Haina pembe. Unaweza kupitisha yai hapo."

Tukaenda kwake. Alikaa chumba kimoja nyuma ya makaburi, na tulimkuta anachekecha mchanga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," Shabani akasema.

"Basi mnataka nini kwangu?"

Shabani alimweleza. Fundi alisikiliza bila kuacha kuchekecha.

"Hilo shimo, watu wanaingia ndani yake?"

"Wanaingia."

"Wakiwa hai?"

"Ndiyo, Fundi."

"Si kazi yangu. Tafuteni mwingine."

Tuliaga. Tumaini, ambaye alikuwa hajasema neno, alimtakia kazi njema, na Fundi akainua kichwa.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Maramba."

"Maramba sehemu gani?"

"Kule ng'ambo ya tangi lililoanguka. Siku hizi limebaki gofu."

Fundi aliinamisha kichwa akaendelea na chekecheo lake. Hakutuaga. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua duka, Shabani alinipigia simu kwamba mzee amekuja kwa baiskeli, amevaa shati jeupe, na yumo shimoni anavunja lipu yetu yote kwa nyundo bila kuomba ruhusa.

Alivunja siku tatu. Kila kipande alichokitoa alikigeuza, akakitazama kwa karibu sana, akakitupa huku ananung'unika. "Nani alipiga hii?" aliniuliza. Nikasema ni sisi. "Mlitumia nini, uji?"

Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko mikono yake. Aliwahi kumwita Shabani punda mbele ya wateja, kwa sababu bomba la chuma alilolichomelea kuzunguka mdomo wa bakuli lilikuwa limepinda upana wa kidole. Mke wa jirani alipochungulia na kuuliza kama tunachimba choo, alimjibu kwamba ndiyo, na ataitwa kikiwa tayari. Lakini ndiye huyohuyo aliyekataa kuanza kazi siku moja mpaka tuhamishe kiota cha kware kilichokuwa kwenye majani kando ya shimo, na alisimama pale akituelekeza tukibebe vipi kama mtu anayesimamia jeneza. Chai alisema hanywi na sukari. Sukari ikiwa mezani alitia vijiko vitatu. Kanisani alikuwa haingii, ila Jumapili hakufanya kazi, na ukimuuliza kwa nini, alisema saruji nayo inahitaji kupumzika.

Kwa vifaa hakuwa na masihara. Tumaini alipoleta lori la kwanza la mchanga, Fundi aliuchota kidogo kwa ncha ya kidole akauweka ulimini.

"Huu ni wa pwani. Rudisha."

"Fundi, mchanga ni mchanga."

"Una chumvi. Chumvi inakula nondo. Nondo ikiliwa, ukuta unabaki na sura tu."

Tumaini aliurudisha. Alileta wa mto, Fundi akauonja tena, akatema, akasema sawa. Tangu siku hiyo kila lori lilionjwa, na Tumaini akawa anamwita mzee muonja mchanga, mbele yake, na mzee hakukasirika. Kwa Tumaini hakukasirika kamwe. Sisi wengine tulitukanwa, Tumaini alielekezwa. Alimfundisha kufunga nondo, kukata ubao kwa upinde ambao ungetumika kupimia mkunjo wa ukuta, kusikiliza zege lililoiva. Nilidhani amempenda kwa sababu ana nguvu.

Jambo la macho yake nililigundua mimi. Nilimwona anapitisha mgongo wa mkono juu ya lipu mbichi, polepole, kutoka chini kwenda juu, uso ameugeuzia pengine.

"Mbona hutumii kiganja?" nikamuuliza.

"Kiganja kimeota sugu, hakisikii kitu. Mgongo wa mkono haujafanya kazi, bado ni wa mtoto."

Nikamwekea mwiko pembeni yake, hatua moja kutoka pale alipokuwa ameuacha. Alipapasa mara tatu, hakuupata. Niliushika nikampa mkononi.

"Unaona kiasi gani, Fundi?"

Aliufuta mwiko kwenye shati. "Mwanga naona. Watu nawaona wakitembea. Wakisimama wanapotea." Alikuwa ameshakwenda hospitali, wakamwambia ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. "Usiwaambie wenzako. Watataka fundi mwenye macho, na mwenye macho atawapigia uji."

Sikuwaambia. Nilikuwa naacha duka kwa mdogo wangu nakwenda kumpangia vifaa kwa mstari uleule kila siku: mwiko, ndoo, ubao wa upinde, nyundo. Sijui kama nilifanya vema. Kila niliposikia mguu wake ukitafuta ukingo wa shimo, nilisimama tayari kumdaka.

Mawingu ya masika yalianza kujikusanya tukiwa tumebakiza ukuta mmoja. Tumaini alikuwa amesimama juu ya lori anashusha mchanga, anatazama mbingu, na akasema maneno ambayo mtu yeyote angeyasema.

"Fundi, hapa punguza saruji kidogo, ongeza mchanga, tumalize leo kabla ya mvua. Nani atajua?"

Fundi aliweka mwiko chini.

"Mimi nitajua," akasema. "Shuka huko juu, nikuambie kitu."

Tumaini alishuka. Mimi na Shabani tulikuwa ndani ya bakuli, hatukuwa na mahali pa kwenda.

"Maneno hayo niliambiwa Maramba. Mkandarasi alisema nichanganye saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo nane. Nilijua haitashika. Nikachanganya, nikapiga niru ya saruji tupu juu yake, ikang'aa kama kioo. Nikalipwa, nikaondoka. Masika yalipokuja tangi likafunguka upande mmoja. Palikuwa na mwanamke anakinga maji."

"Shangazi yangu," Tumaini akasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uliposema ng'ambo ya tangi. Ng'ambo ya tangi palikuwa na nyumba moja."

Tumaini alikuwa ameniambia habari za huyo shangazi mara nyingi. Ndiye aliyemlea tangu ananyonya, ndiye aliyempa jina. Tumaini alikuwa na miaka saba walipomtoa shangazi kwenye vifusi. Hakuwahi kusema palikuwa na fundi. Katika masimulizi yake tangi lilianguka lenyewe, kama mvua inavyonyesha.

"Kaburi lake," Fundi akasema, "ndilo la kwanza nililojenga. Nilikwenda baada ya wiki, hamkuwepo, mlikuwa shamba. Nikajenga, nikaondoka. Tangu hapo sijajenga kitu kinachosimama karibu na mtu."

Tumaini alimsogelea, amekunja ngumi. Shabani alianza kupanda atoke shimoni, nadhani alitaka kuwa katikati yao. Lakini Tumaini aligeuka, akapanda lori, akaondoka na mchanga uliobaki ukimwagika barabarani, kwa sababu hakufunga mlango wa nyuma.

Hakurudi siku kumi na moja. Simu hakupokea. Nilikwenda kwake, mkewe akaniambia amekwenda Maramba. Mvua ilinyesha siku mbili, tukafunika ukuta kwa maturubai, ikakatika. Fundi aliendelea kuja kila asubuhi na baiskeli yake, akiisukuma sasa, haipandi. Kutukana aliacha. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko matusi. Jioni moja alipokuwa ananawa mikono aliniambia, "Yule kijana akija na nyundo kuvunja, msimzuie. Ni haki yake."

"Na sisi je? Na Shabani?"

"Shabani atanielewa. Yeye amezika."

Siku ya kumi na mbili Tumaini aliingia uani saa mbili asubuhi. Mikono mitupu. Hakumsalimia mtu. Fundi alikuwa ndani ya bakuli anahangaika kuusimamisha ubao wa upinde peke yake, na upande mmoja ulikuwa unamteleza. Tumaini akateremka, akaushika ule upande.

"Nani?" Fundi akauliza.

Nadhani ndipo Tumaini alipotambua kwamba mzee haoni. Aliusogeza uso wake karibu na wa Fundi, akayatazama yale macho, kisha akanitazama mimi kwa hasira, kwamba nilijua na sikusema.

"Juu au chini?" akauliza.

"Juu kidogo," Fundi akasema.

Walifanya kazi mpaka jioni. Juu, chini, hapo, ngoja. Sikusikia neno jingine. Ukuta ule wa mwisho walichanganya moja kwa tatu, Tumaini akihesabu ndoo kwa sauti ili mzee asikie. Sikuwahi kumuuliza aliamua nini kule Maramba, na hajaniambia. Kumsalimia hakumsalimia tena, siku hiyo wala siku zilizofuata. Alikuja, akafanya kazi, akaondoka.

Fundi alitukatalia kuingia na mbao kwa siku ishirini na nane. Magunia yaliyoloweshwa yalifunika bakuli zima, na tulimwagilia maji asubuhi na jioni, tukichota kisimani. Yule mke wa jirani aliyedhani ni choo akadhani sasa tunapanda mchicha. Siku ya ishirini na tisa tuliondoa magunia, na tukaliona: la kijivu, laini, bila kona hata moja, kina chake kinazidi kimo cha Tumaini.

Shabani ndiye aliyeteremka kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na nne na kitambi. Alisimama kwenye lile bomba la mdomoni, akaukanyaga ubao, akapotea ndani. Tulisikia magurudumu yakinguruma chini, kisha akatokea upande wa pili, mikono hewani, akarudi, akapanda tena, na mara ya tatu akaanguka. Tulikimbilia mdomoni. Alikuwa amelala chali kwenye kitako cha bakuli, kiwiko kinatoka damu, anacheka. Tangu mazishi sikuwa nimeisikia ile sauti. Alicheka mpaka ikageuka kuwa kitu kingine, na tukamwacha alie humo, maana pale alikuwa amejisitiri.

Kisha zikaja Jumamosi zetu. Kila Jumamosi nilifunga duka saa tisa alasiri nikaenda Mabawa na ubao kwapani, mwanamke mtu mzima, na wateja wangu wa bodaboda wakapiga honi wakinipita. Kuna wakati, ukiwa umepanda ukuta na kasi inakwisha, unasimama hewani kidogo sana kabla ya kurudi. Sina uzito wakati huo. Sina deni la mtu, sina umri. Tumaini, na mwili wake ule mkubwa, alikuwa mwepesi kuliko sote. Fundi aliletwa na bajaji, kiti chake kikawekwa katikati ya uwanja, akasikiliza. Alitutambua kwa sauti za magurudumu. Jumamosi ya kwanza aliinua mkono.

"Simameni. Anayepita upande wa mwarobaini, apite tena."

Nikapita tena.

"Hapo chini ya bomba pana sauti ya mtungi. Pako wazi ndani."

Sisi hatukusikia chochote. Jumatatu alipavunja, na kweli palikuwa na nafasi ya ukubwa wa ngumi nyuma ya lipu. Alipajaza kwa vidole. Nilimsikia akisema peke yake, "Hapa pangekuja kuumiza mtu."

Tulicheza miezi kumi na saba. Katikati yake mwanga wa Fundi ulizimika wote, na binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Kisha kaka zake Shabani, wanaoishi mbali, wakakubaliana kuuza kiwanja. Nyumba ilikuwa ya baba yao wote, naye peke yake hakuwa na uwezo wa kukataa. Aliyenunua alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Akaleta wanaume wanne na nyundo kubwa. Shabani hakuja kutazama. Mimi na Tumaini tulikuja. Tulisimama barabarani siku ya kwanza na siku ya pili, mpaka walipoanza kufukia.

Miezi mitatu baadaye binti wa Fundi alinipigia kwamba baba yake hali chakula vizuri tena, na ananitaja. Nilimwambia Tumaini kwa kumpa habari tu. Akasema atakuja na mimi.

Tulivuka kwa pantoni asubuhi. Fundi alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, shuka limemlalia kama halina mtu chini yake. Nilimsalimia, akaitambua sauti yangu, akauliza duka. Kisha akauliza nimekuja na nani.

"Na Tumaini."

Mkono wake ulitembea juu ya shuka, ukasimama.

"Bakuli linaendeleaje?" akauliza, na swali hakulielekeza kwangu.

Njiani nilikuwa nimeandaa uongo. Ningemwambia lipo, tunacheza kila Jumamosi. Nilifungua mdomo, lakini Tumaini aliwahi.

"Halipo. Kiwanja kimeuzwa. Wamelivunja."

Binti wa Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama kama anayeuliza mmekuja kufanya nini hapa. Fundi aliigeukia sauti ya Tumaini.

"Limepasuka lenyewe wakalivunja, au wamelivunja zima?"

"Zima. Halikuwa na ufa."

"Watu wangapi?"

"Wanne. Kwa nyundo za kilo kumi."

"Siku ngapi?"

Tumaini alivuta kigoda akakaa, uso wake usawa wa kitanda.

"Nne," akasema. "Siku ya tatu mmoja aliacha kazi akaenda zake. Alisema aliyejenga hiki alikuwa na ugomvi na mtu."

Fundi alitoa sauti kooni, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Alimwomba binti yake uji. Alikunywa kikombe kizima, akisaidiwa, na akalala tukiwa bado tumekaa pale.

Kwenye pantoni la kurudi tulisimama kando ya pikipiki na magunia ya nazi. Maji ya mto yalikuwa mazito, ya udongo. Tulipofika katikati nilimwambia Tumaini, "Zilikuwa siku mbili. Na hakuna aliyeacha kazi."

"Najua," akasema.